Idhini na Ridhaa: Neno la Mwanamke Mbele ya Tabibu

Mwanafunzi anapotuuliza tofauti iliyopo kati ya idhini na ridhaa, aghalabu twamjibu upesi kwamba maneno haya ni ndugu, yote mawili yametujia kutoka Kiarabu, na yote mawili yahusu kukubali. Jibu hilo latosha pale ambapo kengele inakaribia kulia, lakini si jibu kamili. Idhini hutoka juu ikashuka chini. Serikali hutoa idhini ya kujenga, mkuu wa shule hutoa idhini ya mwalimu kusafiri, na mwenye mali hutoa idhini mali yake itumiwe. Ridhaa haina juu wala chini. Hutoka ndani ya mtu mwenyewe. Ndiyo maana wapenzi wa kandanda waliuita mchezo usiolipwa mshahara mchezo wa ridhaa, kwa kuwa mchezaji ameingia uwanjani kwa kupenda kwake. Mtu aweza kutoa idhini juu ya jambo la mwingine, lakini hawezi kuridhia kwa niaba ya moyo wa mwingine.

Tofauti hii, ambayo yaonekana kuwa ya msamiati tu, tumeikuta tena mahali ambapo hatukuitazamia, yaani katika historia ya matibabu ya wanawake. Tabibu atakapo kuupasua mwili wa mwanamke, hutafuta idhini ya nani, au ridhaa ya nani? Katika makala haya twalifuata swali hilo kutoka Marekani ya enzi ya utumwa hadi Namibia ya karne hii. Sehemu kubwa ya safari yapita katika mahakama za ugenini, kwa sababu huko ndiko maneno ya wagonjwa yalikoandikwa yakahifadhiwa. Lakini jambo lenyewe latuhusu sisi walimu wa lugha kuliko tunavyodhani, na mwishoni tutaeleza kwa nini.

Mwaka 1845, katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, daktari kijana aitwaye J. Marion Sims aliitwa kumsaidia msichana mtumwa aliyekuwa katika uchungu wa uzazi kwa siku 3. Msichana huyo, Anarcha, alikuwa na umri wa miaka ipatayo 17. Baada ya kujifungua ikadhihirika kwamba ukuta uliopo kati ya kibofu na njia ya uzazi umetoboka, na mkojo ukawa wamtoka bila kizuizi. Maradhi hayo ni fistula, na wakunga wa nchi zetu hawahitaji kuelezwa jinsi yanavyomtenga mwanamke na watu wake. Wakati ule hayakuwa na tiba ya kutegemewa.

Sims alijenga nyumba ndogo ya wagonjwa nyuma ya makazi yake, akapatana na wenye watumwa. Mapatano yenyewe ameyaeleza katika kitabu cha maisha yake, kilichochapishwa mwaka 1884 baada ya kufa kwake: yeye atawaweka wanawake hao na kuwalisha kwa gharama yake, nao mabwana wataendelea kuwalipia kodi na kuwavika. Alifanya majaribio kuanzia 1845 hadi 1849. Twajua majina ya wanawake 3 tu, Anarcha, Betsey na Lucy, ingawa walikuwapo wengine. Lucy alipasuliwa kwa muda wa saa nzima, amepiga magoti, mbele ya madaktari wapatao 12 waliokuja kutazama, kisha akakaribia kufa kwa maambukizo. Anarcha alipasuliwa mara 30 hivi kabla ya kupona. Etha ilionyeshwa hadharani mjini Boston mwezi Oktoba 1846, lakini wanawake hawa walifanyiwa operesheni pasipo dawa ya usingizi.

Hapa idhini ilikuwapo, na ilikuwa kamili kwa sheria za mahali pale: mwenye mali aliitoa. Baadaye Sims aliandika kwamba wanawake wenyewe waliitamani operesheni. Wako madaktari hadi leo wanaomtetea kwa hoja hiyo, nasi hatuipuuzi, maana ni nani asiyetaka kuponywa maradhi kama hayo? Lakini ushuhuda huo ni wake peke yake. Hakuna neno hata moja la Anarcha lililoandikwa na mkono wake au kunukuliwa na mtu asiye na maslahi. Tena, hata kama walisema ndiyo, mtu ambaye "hapana" yake haina nguvu, "ndiyo" yake haiwezi kupimwa. Sanamu ya Sims iliyokuwa katika bustani ya Central Park jijini New York iliondolewa mwezi Aprili 2018, na mwaka 2021 sanamu za wale wanawake 3, kazi ya msanii Michelle Browder, zikasimamishwa mjini Montgomery. Sanamu ni sanamu. Maneno yao hayawezi kurudishwa.

Utumwa ulipokwisha, mwenye idhini alibadilika, lakini idhini haikuhamia kwa mwanamke mara moja. Mwaka 1896, mjini Chicago, daktari mmoja aitwaye Pratt alimtoa kizazi na ovari mwanamke aliyeugua kifafa, Bibi Davis. Mgonjwa hakujua kitakachofanyika. Daktari alikiri mahakamani kwamba alimficha makusudi. Utetezi wake ulikuwa kwamba mume ndiye aliyemleta mkewe na kumkabidhi bila masharti, na kukabidhi ni kuidhinisha. Mahakama ya Rufaa ya Illinois ilikataa hoja hiyo mwaka 1905, na Mahakama Kuu ya jimbo ikaunga mkono mwaka 1906: kumleta mke hospitalini si kumpa daktari ruhusa ya kila kitu. Bibi Davis alipewa fidia ya dola 3,000.

Sisi tulio katika nchi hizi za Maziwa Makuu na kandokando yake hatuwezi kuisoma kesi hiyo kana kwamba ni hadithi ya mbali. Kanuni ya Familia ya Zaire ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kwa kila tendo la kisheria ambalo angejifunga kulitekeleza yeye mwenyewe, na sharti hilo halikuondolewa hadi sheria ya mwaka 2016. Na ni nani kati yetu ambaye hajasikia swali la mlangoni pa chumba cha upasuaji, "Mume wake yuko wapi aje atie sahihi?" Mara nyingi swali hilo huulizwa kwa nia njema, kwa kuwa muuguzi aogopa lawama za ukoo. Twafahamu pia kwamba kwetu uamuzi mzito haufanywi na mtu mmoja. Mama mzazi, shangazi na mama mkwe hukaa kitako wakashauriana. Wako wasemao kwamba kwa hiyo habari hizi za mgonjwa kujiamulia ni za Wazungu. Hatukubaliani nao. Kushauriana na jamaa ni haki ya mgonjwa, naye aweza kuitumia apendavyo, hata akasema, "Atakalo mama ndilo nitakalo." Huko ni kuridhia. Lakini jamaa wakiulizwa yeye akiwa kando, na akili zake timamu, hapo iliyotolewa ni idhini tu.

Sasa twafika kwenye kesi ambayo wanasheria huitaja kila mara mambo haya yazungumzwapo, na ambayo, kwa maoni yetu, hutajwa zaidi kuliko inavyosomwa. Mwezi Januari 1908 mwanamke aitwaye Mary Schloendorff aliingia katika Hospitali ya New York, taasisi ya hisani iliyoanzishwa kwa hati ya mfalme wa Uingereza mwaka 1771. Alikuwa na maradhi ya tumbo. Aliuliza gharama, akaambiwa dola 7 kwa wiki. Baada ya majuma kadhaa daktari wa wodi alihisi uvimbe, akamwita daktari bingwa, naye akashauri operesheni. Mgonjwa aliambiwa kwamba asili ya uvimbe haiwezi kujulikana mpaka achunguzwe chini ya etha. Kwa ushahidi wake, alikubali kuchunguzwa, akasema wazi kwamba operesheni hataki.

Usiku alihamishwa kutoka wodi ya matibabu akapelekwa wodi ya upasuaji, na muuguzi akaanza kumtayarisha. Mgonjwa akaingiwa na shaka. Akamwambia muuguzi kwamba amekuja kuchunguzwa tu, si kupasuliwa, na muuguzi akamwitikia kwamba ndivyo. Kesho yake akapewa etha, na alipokuwa hajitambui uvimbe ukatolewa. Baadaye mkono wake wa kushoto uliingia ugonjwa wa kuoza, na baadhi ya vidole vyake vikakatwa. Madaktari na wauguzi walikana maelezo yake, lakini kwa taratibu za rufaa ile mahakama ililazimika kuyachukua kuwa kweli.

Hukumu iliandikwa mwaka 1914 na Jaji Benjamin Cardozo, ambaye miaka 18 baadaye aliingia Mahakama Kuu ya Marekani. Ndani yake imo kanuni ambayo kila mwanafunzi wa sheria huijua: kwamba mtu mzima mwenye akili timamu ndiye mwenye kuamua mwili wake utendwe nini, na mpasuaji anayefanya operesheni pasipo ridhaa ya mgonjwa amemshambulia, isipokuwa penye dharura ambapo mgonjwa hajitambui na hakuna nafasi ya kungoja. Hadi hapo wote husoma. Wachache hukumbuka kwamba Bibi Schloendorff alishindwa. Hakuwa amewashtaki madaktari bali hospitali, na mahakama ikasema hospitali ya hisani haibebi kosa la daktari, kwa kuwa daktari si mtumishi wake. Kinga hiyo haikuondolewa New York hadi mwaka 1957.

Lakini kilichotushika zaidi ni habari ya yule muuguzi. Cardozo alijiuliza kama muuguzi alipaswa, baada ya kusikia maneno ya mgonjwa, kuwaarifu wakubwa wake. Akajibu kwamba hapana. Ilikuwa usiku wa manane, mgonjwa alikuwa na wasiwasi na fadhaa, na muuguzi alimtuliza kwa kukubaliana naye. Hapana mtu mwenye busara, alisema jaji, ambaye angefikiri kwamba daktari mashuhuri angempasua mgonjwa kinyume cha amri yake.

Tulifikirie jambo hilo kwa utulivu. Mwanamke amesema hapana mara mbili, mara ya kwanza kwa daktari na mara ya pili kwa muuguzi, kwa lugha yake mwenyewe na ya wamsikiao. Hakuna mkalimani aliyepotosha. Hata hivyo, neno lake lilipofika sikioni mwa msikilizaji liligeuka kuwa kitu kingine: dalili ya wasiwasi, kitu cha kutulizwa. Katika hukumu ile ile iliyotangaza kwamba mwili wa mtu ni wake, "hapana" ya mwanamke usiku wa manane ilihesabiwa kuwa hofu, kama vile homa ambayo hupimwa na kuandikwa katika chati. Sisi tufundishao sarufi tumezoea kusema kwamba sentensi ikiwa sahihi, ujumbe umefika. Sivyo.

Na hapa tukumbushe kwamba kimya pia kina historia yake. Katika ndoa za Kiislamu za pwani, fikihi imekipokea kimya cha mwanamwali aliyeulizwa kuwa ndiyo ridhaa yake, kwa kuwa haya humzuia asitamke. Lakini wanavyuoni waliotunga kanuni hiyo walikusudia ukumbi maalumu, swali maalumu, na binti aliyefahamu vizuri anachoulizwa. Kitandani hospitalini mambo sivyo. Mwanamke akijibu "abee, daktari", ameonyesha adabu na kwamba yupo. Hajasema zaidi ya hayo. Akiinamisha kichwa, huenda ikawa maumivu.

Haki ya kukataa, basi, ilikuwa imekwisha kutangazwa. Ilibaki haki ya kujua. Mtu atakataaje au ataridhiaje asilolielewa? Mwaka 1960 Mahakama Kuu ya Kansas iliamua kesi ya Irma Natanson, aliyekuwa ametolewa titi kwa saratani, kisha akatibiwa kwa mionzi ya kobalti iliyomuunguza vibaya. Yeye aliridhia matibabu. Shtaka lake lilikuwa kwamba hakuelezwa hatari zake. Mahakama ikasema daktari ana wajibu wa kumfafanulia mgonjwa maradhi, matibabu na hatari zake kwa lugha nyepesi kadiri inavyohitajika. Twaomba walimu waikumbuke hukumu hiyo, kwa kuwa ndani yake wepesi wa lugha umefanywa sehemu ya wajibu wa daktari.

Uingereza ilikawia. Mwaka 1985 Baraza la Malodi liliamua kesi ya Bibi Amy Sidaway, aliyefanyiwa operesheni ya uti wa mgongo mwaka 1974 akabaki na ulemavu. Kwa hukumu hiyo, kiasi cha maelezo apewacho mgonjwa kikapimwa, kwa sehemu kubwa, kwa desturi ya madaktari wenyewe: wakisema wenzake kwamba wangenyamaza kama yeye, basi kunyamaza kwake ni halali. Kipimo hicho kilidumu miaka 30.

Kilichokivunja ni kesi ya mwanamke wa Uskoti, Nadine Montgomery. (Msomaji ataona kwamba jina la mji wa Alabama limerudi, ni sadfa tu, lakini tulipoisoma mara ya kwanza ilitushtua.) Bibi Montgomery alikuwa mfupi wa kimo na alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na watoto wa akina mama wenye kisukari huelekea kuwa wakubwa. Katika hali hiyo, uwezekano wa mabega ya mtoto kukwama njiani ulikuwa kati ya asilimia 9 na 10. Alimweleza daktari wake wasiwasi alio nao kuhusu ukubwa wa mtoto. Daktari, ambaye naye alikuwa mwanamke, hakumtajia hatari ya mabega. Alieleza baadaye kwamba uwezekano wa mtoto kudhurika sana ni mdogo, na kwamba akina mama wakitajiwa hatari hiyo wote watataka operesheni, jambo ambalo aliliona si kwa faida yao. Tarehe 1 Oktoba 1999 mtoto alizaliwa kwa shida. Dakika 12 zilipita baada ya kichwa kutoka, na kwa kukosa hewa akapata ulemavu wa kudumu.

Tarehe 11 Machi 2015 majaji 7 wa Mahakama Kuu ya Uingereza waliitupilia mbali hukumu ya 1985. Kipimo, walisema, si kile ambacho madaktari wamezoea kusema, bali kile ambacho mgonjwa huyu, katika hali yake, angekiona kuwa kizito. Bibi Montgomery alipata fidia ya pauni milioni 5.25. Majaji wakaongeza jambo ambalo kwetu sisi ndilo kiini: daktari hatimizi wajibu wake kwa kummwagia mgonjwa istilahi asizoweza kuzielewa, seuze kwa kumwekea karatasi mbele aitie sahihi kama desturi. Yule daktari alikuwa na elimu, na bila shaka alikuwa na huruma. Alichokosa ni imani kwamba mwanamke akielezwa ukweli ataamua vizuri.

Afrika nayo ilikuwa imekwisha kulitazama jambo hili. Itifaki ya Haki za Wanawake, iliyopitishwa na Umoja wa Afrika mjini Maputo mwezi Julai 2003, inakataza majaribio ya kitabibu au ya kisayansi juu ya wanawake pasipo ridhaa yao baada ya kuelewa, na inamtambulia mwanamke haki ya kuamua juu ya uzazi wake. Lakini kesi iliyolipeleka swali hadi mwisho ni ya Namibia.

Kati ya 2005 na 2007 wanawake 3 wenye virusi vya UKIMWI waliingia hospitali za serikali kujifungua. Walipotoka walikuwa wamefungwa mirija ya uzazi. Walifungua mashtaka, nayo mahakama ikawaficha majina kwa herufi za mwanzo tu. Serikali ilijibu kwamba walitia sahihi, na kweli sahihi zilikuwapo. Basi mahakama ikazitazama karatasi zenyewe. Jina la operesheni lilikuwa limeandikwa kwa kifupisho cha herufi 3, BTL. Daktari ajua maana yake papo hapo: ni kufunga mirija yote miwili ya uzazi. Mwanamke aliye katika uchungu atajuaje? Tena Namibia, tangu uhuru wa mwaka 1990, lugha yake rasmi ni Kiingereza, ambacho wananchi wake wengi hawakukinyonya kwa mama zao. Na sahihi hizo zilichukuliwa wakati uchungu wa uzazi umekwisha kuanza.

Mahakama Kuu ya Namibia ilitoa hukumu mwezi Julai 2012, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha mwezi Novemba 2014. Mahakama Kuu ilikataa dai kwamba wanawake hao walifungwa kizazi kwa sababu ya virusi, kwa kukosa ushahidi wa kutosha; wengi hawakuridhika na sehemu hiyo, nasi ni miongoni mwao. Lakini juu ya ridhaa mahakama hizo zilisema bila kuyumba: sahihi peke yake si ridhaa; ridhaa yahitaji maelezo yaliyoeleweka, na wakati wa kuyapima; na uchungu wa uzazi si wakati wa kumtaka mwanamke aamue kama atazaa tena maishani. Mahakama ya Juu ilisema pia kwamba zama za tabibu kumwamulia mgonjwa kama baba amwamuliavyo mtoto zimepita. Mwezi Desemba 2022 Mahakama Kuu ya Kenya nayo ikampa haki mwanamke mwenye virusi aliyefungwa kizazi pasipo ridhaa yake. Kenya ilikuwa tayari na Sheria ya Afya ya mwaka 2017, inayomtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma.

Lugha anayoielewa! Maneno mepesi kuyaandika katika sheria. Tulifundishwa uzito wake miaka kadhaa iliyopita, wakati baadhi yetu tulipoombwa na hospitali moja, ambayo hatutaitaja, tuitafsiri fomu yake ya operesheni za uzazi. Tulidhani ni kazi ya alasiri moja. Ilituchukua majuma 3.

Ugumu wa kwanza ulikuwa kitenzi. Rasimu ya kwanza ilianza, "Mimi niliyetia sahihi hapa chini naidhinisha..." Mzee mmoja wetu akauliza, "Anaidhinisha kama nani? Kama mkuu wa wilaya?" Tukaandika "naridhia". Kijana mmoja akapinga kwamba vijijini neno hilo ni la kitabuni na wengi hawalitumii. Tukaishia na "nimeelezwa, nimeelewa, na nimekubali", vitenzi 3 badala ya kimoja, kwa kuwa ni mambo 3 na kila moja laweza kukosekana huku mengine yapo.

Ugumu wa pili ulikuwa mkubwa zaidi, na hakuna mwalimu aliyeuona. Aliyeuona ni mkunga mmoja mzee aliyealikwa kusikiliza fomu ikisomwa. Tulikuwa tumeandika "kufunga kizazi", kama redio, zahanati na magazeti yote yasemavyo. Mama yule akatikisa kichwa. "Wanangu," alisema, "kilichofungwa si hufunguliwa? Mlango hufungwa ukafunguliwa. Duka hufungwa jioni, asubuhi likafunguliwa. Wanawake wengi wamenijia wakiwa na mume mpya, au wamefiwa na mtoto, wakaniomba niwapeleke kwa daktari akawafungulie." Tulinyamaza. Kitenzi hicho tunakifundisha katika kidato cha kwanza pamoja na kauli yake ya kutendua, fungua, kama mfano mzuri wa mnyambuliko; hapana hata mmoja wetu aliyekuwa amewaza kwamba mnyambuliko huo ndio uliokuwa ukiwapa wanawake tumaini la uongo. Zaidi ya hayo, hapakuwa na mtu wa kulaumiwa. Daktari alisema kweli, mkalimani alitafsiri sawasawa, mgonjwa alielewa Kiswahili chake vizuri, na bado alichokiridhia sicho alichofanyiwa.

Jina hatukulibadili, maana jina lililokwisha kuenea halibadilishwi na kamati. Chini yake tukaongeza sentensi: "Baada ya operesheni hii sitapata mimba tena maisha yangu yote, hata nikitaka." Mkunga aliomba irudiwe mara mbili. Tukapendekeza pia fomu isomwe kwa sauti kliniki, katika miezi ya ujauzito, wala si usiku wa kujifungua. Na mwisho wa ukurasa iachwe mistari 3 mitupu, ambapo muuguzi ataandika, kwa maneno ya mama mwenyewe na kwa lugha yake, kile alichoelewa kwamba atafanyiwa.

Fomu ilichapwa mwaka uliofuata. Vitenzi vyetu 3 vimo, na sentensi ya mkunga imo. Ile mistari 3 haikuwekwa. Tuliambiwa karatasi haikutosha.